Kutoka getini hadi mlangoni: nyasi zibaki, au tuweke nini badala yake?

Kipande cha ardhi kilicho kati ya geti na mlango wa mbele hukanyagwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kompaundi. Boda boda hugeukia hapo, watoto hukatiza hapo wakitoka shule, na kwa nyumba nyingi maji ya paa humwagikia hapo hapo. Hata hivyo ndipo tunapopanda nyasi za paspalum, kisha baada ya muda tunabaki na kijia chekundu kilichochimbika katikati na nyasi ndefu pembeni.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliyekwisha amua, au anayekaribia kuamua, kuziondoa nyasi hizo ili apate kiingilio kisichomdai kazi kila Jumamosi. Machaguo ni mengi kuliko yale mawili ambayo mafundi hupenda kuyataja, yaani pevazi (matofali ya zege ya kusakafia) au mawe meupe. Nitayapima kwa mambo matatu: maji ya mvua yataenda wapi, miguu na magurudumu yatapita wapi, na nani atakayefanya kazi iliyobaki. Hakuna kiingilio kisicho na kazi kabisa. Kuna kazi ya kila wiki, kuna kazi ya mwaka wa kwanza tu, na kuna kazi ya siku moja kila baada ya miaka michache. Chagua ile unayoiweza.

Anza na maji

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiingilio cha mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 40 ikishuka alasiri moja, kinapokea lita 2,400, sawa na madumu 120 ya lita 20. Hapo bado hujahesabu maji ya bati. Ardhi yenye mimea hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Zege hainywi kitu.

Kampala na miji ya jirani tuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mvua zetu huja kwa kishindo. Watu wa Bwaise na Kalerwe, mitaa ya mabondeni ya Kampala, wanajua maji ya vilimani yanaishia wapi. Kila kompaundi inayosakafiwa juu ya mlima inaongeza kidogo kwenye mafuriko ya bondeni, na mimi naliona hilo kuwa jambo la ujirani mwema kabla ya kuwa jambo la mapambo. Ukiwa Gulu au Arua, kaskazini mwa Uganda, hali ni nyingine: kiangazi cha Desemba hadi Machi ni kirefu na kikali, kwa hiyo swali lako kubwa litakuwa mmea upi utavumilia miezi hiyo bila bomba.

Paspalum: kabla hujaing'oa

Niitendee haki kwanza. Nyasi hii iliyotoka Amerika Kusini imetufaa sana. Mizizi yake hushika udongo kwenye miteremko, inavumilia jua, na ikikauka Januari inarudi mvua ya kwanza ikigusa ardhi. Watoto wakicheza mpira juu yake haifi. Kama una uwanja wa nyuma wa kuchezea, iache huko.

Mbele ya nyumba ina matatizo matatu. La kwanza ni ukataji. Katika msimu wa mvua unaikata leo, na siku chache baadaye vile vichwa vya mbegu vyenye matawi mawili, mfano wa herufi V, vimeshachomoza juu ya majani na kompaundi yote inaonekana kama haijaguswa. Mwenye mashine hununua petroli. Asiye na mashine humlipa kijana wa slasha kila wiki mbili. La pili ni kivuli: chini ya mwembe au upande wa ukuta mrefu hubaki mabaka ya udongo mtupu. La tatu ni hicho kijia. Mguu ukipita mahali pamoja kila siku, hakuna nyasi itakayosimama, hata umwagilie vipi.

Kama tatizo lako ni hilo la tatu peke yake, huna haja ya kung'oa kila kitu. Weka mawe bapa ya kukanyagia juu ya kijia chenyewe, uyazamishe yawe sawa na ardhi ili mashine ipite juu yake, na umemaliza kazi kwa gharama ndogo.

Pevazi: ngumu, safi, na ghali

Hakuna kinachozishinda pevazi kwa magari na kwa wazee. Mtu mwenye fimbo au kiti cha magurudumu hupita bila shida, matope hayaingii ndani, na ufagio unatosha. Ndiyo sababu watu hupenda kusakafia kote, kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo ninapopingana nao.

Hajati mmoja wa Bombo aliniita nimshauri baada ya kuletewa makadirio ya kusakafia mbele yote ya nyumba yake. Alinionyesha ukuta wa upande wa chini akaniuliza, "Mwanangu, maji haya yote yakishuka huku, nitamwambia nini jirani yangu?" Nikamwambia, "Hajati, hilo ndilo swali ambalo fundi angeanza nalo." Tukaishia na njia ya pevazi yenye upana wa mita moja na nusu kutoka getini hadi barazani, na nafasi ya gari moja. Pengine pote tukaweka kokoto na mimea. Gharama ya pevazi ilipungua zaidi ya nusu, na pesa iliyobaki ikanunua mifereji ya bati na tangi.

Ukiamua kuweka pevazi, ubora uko chini yake kuliko juu. Zenye unene wa sentimita 6 zinatosha miguu; gari linataka sentimita 8. Chini pawe na maramu (changarawe nyekundu) iliyoshindiliwa kwa mashine, halafu tabaka jembamba la mchanga. Fundi akikwambia maramu haihitajiki kwa sababu "ardhi hii ni ngumu", mvua ya Aprili itaonyesha: zingine zitazama, zingine zitainuka, na maji yatatuama katikati. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukitoka kwenye nyumba, usiielekee. Kabla ya kulipa, chukua mbili uzigonganishe. Iliyokomaa hutoa mlio mkali. Iliyotolewa mapema kwenye maji ya kuikomaza hulia bubu na kona zake humeguka mkononi.

Viungo vijazwe mchanga, visizibwe kwa saruji, ili maji kidogo yapate pa kupenya. Ubaya mwingine ni joto la mchana mbele ya madirisha, na utelezi wa kijani unaoota upande usio na jua. Huo unasuguliwa kwa brashi ngumu kila msimu wa mvua, la sivyo mgeni ataanguka mlangoni pako.

Kuna aina yenye matundu, ambayo nyasi huota katikati yake. Kwa maegesho ya gari linalokaa usiku tu, naipenda. Kwa njia ya miguu haifai, kwani visigino huzama.

Kokoto na mawe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa sababu ya picha. Mawe meupe yanayong'aa hupendeza siku ya kwanza. Udongo wetu ni mwekundu. Mvua ikinyesha, matone hurusha tope, na kabla msimu haujaisha meupe yamekuwa rangi ya chai. Chukua mawe ya kijivu. Yanaficha vumbi, yanapatikana karibu, na bei yake ni ndogo zaidi.

Kokoto za kawaida za ujenzi zinafaa kabisa. Nunua za nusu inchi au robo tatu. Vumbi la kokoto hushikana na kutoa magugu, na mawe makubwa zaidi ya hapo yanaumiza mguu. Zilizovunjwa zina pembe, kwa hiyo hukamatana zikikanyagwa. Mawe ya mviringo ya ziwani huteleza chini ya kiatu na husambaa. Isitoshe, mawe na mchanga wa ziwani vina gharama ambayo hailipwi na mnunuzi. Aliyepita Lwera, barabara ya Masaka, ameona jinsi ukingo wa Ziwa Viktoria unavyochimbwa. Upande wa Kireka, pembezoni mwa Kampala, bado kuna akina mama, wengi wao waliokimbia vita vya kaskazini, wanaovunja mawe kwa nyundo. Ukinunua rundo moja kwao moja kwa moja, umepata kokoto nzuri na umelisha nyumba.

Kina kiwe sentimita 5. Mita 20 za mraba zitachukua mita moja ya ujazo, karibu tani moja na nusu. Chini yake tandika kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji. Watu hutandika kaveera nyeusi, yaani plastiki, kwa sababu ni rahisi kuipata, lakini kaveera hushikilia maji juu, na kokoto huanza kuelea kwenye tope. Pembeni weka ukingo wa matofali uliozama ardhini, la sivyo kokoto zitahamia kwenye pevazi na pevazi zitajaa mikwaruzo.

Kazi ya kokoto ni majani. Chini ya mwembe au mti wowote unaopukutika, ufagio haufai. Utaokota kwa mkono au kwa reki nyepesi, na usipookota, majani huoza, yanageuka udongo, na magugu huota juu ya kitambaa ulichokilipia. Kwenye mteremko mkali usijaribu: mvua moja kubwa itazipeleka getini. Na kama baba au mama mzee anaishi nawe, asilazimike kutembea juu ya kokoto hata hatua moja.

Mahali pamoja ambapo kokoto hazina mpinzani ni ukanda wa nusu mita unaozunguka nyumba, chini ya ukingo wa bati. Tazama ukuta wowote uliopakwa rangi nyeupe hapa kwetu: chini, hadi urefu wa goti, una madoa mekundu. Matone ya paa yanapiga udongo mtupu na kuurusha ukutani. Kokoto hulivunja tone kabla halijaugusa udongo. Ukanda huo huo huwanyima mchwa njia ya kujificha kuelekea ukutani, na kama nyoka akipita unamwona. Hata usipobadilisha kitu kingine chochote mbele ya nyumba yako, fanya hili.

Mimea inayofunika ardhi

Hili ndilo chaguo langu kwa sehemu isiyokanyagwa, na ndilo linalochukua nafasi ya nyasi kwa maana kamili: kijani kibichi mwaka mzima, bila mashine.

Ya kwanza ni karanga ya mapambo, Arachis pintoi, ile yenye maua madogo ya njano unayoiona kando ya barabara na kwenye hoteli. Ni jamii ya kunde, kwa hiyo hujipatia naitrojeni kutoka hewani na haidai mbolea nyingi. Inavumilia kivuli chepesi, ndiyo maana baadhi ya wakulima huipanda chini ya kahawa. Haipandi juu sana. Katika msimu wa mvua unaikata mara moja au mbili, na pengine unapunguza kingo tu. Inapandwa kwa vipandikizi. Ukiacha sentimita 25 kati ya kimoja na kingine, unahitaji 16 kwa kila mita ya mraba. Jirani mwenye nayo atakupa bure, kwani ukikata kingo unabaki na gunia zima la miche.

Ubaya wake ni mwanzo wake. Miezi mitatu au minne ya kwanza inatambaa polepole na magugu yanaitangulia, kwa hiyo lazima upalilie kwa mkono. Wengi hukata tamaa hapa, wakasema imekataa. Haijakataa. Tandaza maganda ya kahawa katikati ya miche, tabaka la vidole viwili, na kazi ya kupalilia itapungua sana. Ikishafunga, magugu hayapati mwanga. Kule kwa Hajati, kilichonifurahisha kuliko vyote ni kona iliyokuwa ikichimbwa na maji ya getini: shina la karanga hutoa mizizi kila linapogusa udongo, na mfereji ule ulijifunika wenyewe.

Haivumilii kukanyagwa kila siku, na kiangazi kirefu cha kaskazini huinyausha vibaya. Kwa Gulu au Arua ningeipanda mahali ambapo maji ya kunawia au ya kuoshea vyombo yanaweza kufika, au ningeiacha kabisa.

Penye kivuli kizito, upande wa baraza usiopata jua, weka mmea uitwao mondo. Ni kama nyasi fupi za kijani kilichokoza, hukua taratibu mno na bei yake ni kubwa kwa sababu hiyo, lakini ukishaiweka unaweza kuisahau. Penye jua kali na udongo mbovu, Tradescantia yenye majani ya zambarau hushika haraka. Inaoteshwa hata kwa kipande kilichovunjika. Utomvu wake huwawasha baadhi ya watu, basi palilia ukiwa na glavu.

Mimea mikavu na ya kusimama

Sansevieria (ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga), mishubiri na oluwaanyi (aina ya dracaena) zinastahili kupendwa kuliko zinavyopendwa. Ni mimea ya bara letu, na oluwaanyi umekuwa ukisimama kwenye mipaka ya mashamba ya Buganda tangu enzi za mababu bila mtu kuumwagilia. Panda kwa makundi ya mitano au saba pamoja, usiutawanye mmoja mmoja, na ujaze kokoto katikati. Udongo ukituamisha maji, inua tuta kwanza. Sansevieria huuawa na maji mengi kuliko kiu. Mchaichai karibu na hatua za baraza unafaa pia, kwani unakatwa kwa ajili ya chai na hivyo haujai ovyo.

Miiba iwekwe mbali na njia. Mkonge wa mapambo una ncha iliyo kwenye usawa wa jicho la mtoto wa miaka mitatu. Ukiupenda, upande nyuma, mita moja na nusu kutoka njiani. Euphorbia yenye miiba na maua mekundu inavumilia kila kitu, ila maziwa yake huchoma ngozi na macho. Bogenvilia watu huiita isiyo na kazi. Juu ya geti inataka kukatwa mara kwa mara, na matawi yake hushika nguo za wageni. Oleanda usipande kabisa penye watoto na mbuzi, ni sumu mmea mzima. Na yale maua ya jamii ya nanasi yanayokusanya maji katikati ya majani yasiwe karibu na madirisha, mbu huzaliana humo.

Mawili ya kupita haraka

Zulia la nyasi za plastiki linaenea mjini. Juani huchoma miguu, hushika vumbi, na likichakaa halina pa kwenda ila jalalani. Silishauri.

Uwanja mtupu unaofagiliwa kila asubuhi, kama wa vijijini kwetu, una hekima yake: unaonekana wote, nyoka hana pa kujificha. Mahali tambarare, penye mtu wa kufagia, unatosha. Kwenye mteremko, kila ufagio unaondoa udongo kidogo na mvua inaondoa mwingi, hadi msingi wa nyumba unabaki nje.

Kwa nyumba ipi, nini

Nyumba ya mlimani yenye mteremko: karanga ya mapambo kwenye mteremko, ngazi na njia nyembamba ya pevazi, kokoto kwenye ukanda wa bati tu. Nyumba ya bondeni au karibu na bwawa: acha ardhi wazi kadiri uwezavyo, gari lisimame juu ya matofali yenye matundu, na panda vitu vinavyopenda maji, kama maua ya kana. Nyumba yenye wazee: njia iliyo sawa, pana, isiyo na kokoto, kutoka getini hadi kitini barazani, mengine ni yako. Kaskazini penye ukame: kokoto za kijivu, sansevieria na mishubiri, na mti mmoja wa kivuli ambao utaupunguzia ukuta joto kuliko zege yoyote. Mpangaji asiyejua atakaa hadi lini: vyungu vikubwa na mawe ya kukanyagia, vitu unavyoweza kuhama navyo.

Mwenye pesa kidogo na nguvu nyingi aanze na karanga. Mwenye pesa na asiye na muda aweke njia ya pevazi, kokoto, na makundi ya sansevieria. Huyo ndiye atakayefanya kazi kidogo kuliko wote, isipokuwa ana mwembe.

Kuing'oa

Mashina ya paspalum yanayotambaa hukaa juu juu, kwa hiyo jembe uma na kina cha sentimita 10 vinatosha. Adui halisi ni sangari, ambayo Waganda huiita lumbugu, pamoja na ndago. Kipande kidogo cha mzizi wa sangari kikibaki, kinarudi. Ndago hutoboa hata kitambaa. Ukiwa navyo, usitandike chochote kwanza. Lima, okota mizizi, subiri ichipue, okota tena. Mwenye haraka akafunika juu juu atakuwa anang'oa magugu katikati ya kokoto kwa miaka.

Panga kazi kwa kufuata mvua. Lima Januari au Juni, jua likaushe mizizi iliyofukuliwa. Pevazi na kokoto ziwekwe wakati huo huo, ardhi ikiwa kavu na maramu ikiweza kushindiliwa. Miche iingie ardhini wiki ya kwanza mvua ikishika vizuri, Machi au Septemba, ili upate karibu miezi mitatu ya maji ya bure. Ukiwa umechelewa hadi Novemba mwishoni, weka mawe tu, tandaza maganda ya kahawa kwenye vitalu vitupu, na uiache miche kwa jirani hadi Machi.